Mtani Alikuja Kunizika

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe sana! Wazee wangu, shikamooni. Mimi ni Raheli binti Kashindye, mke wa Yonathani, yule fundi cherehani wa Mabawa ambaye nguo zenu za Krismasi huzipata Pasaka. Mchungaji ameniomba nishuhudie kwa kifupi. Nimemwitikia kwa heshima, lakini kifupi sitakiweza, maana Bwana hakunitendea kwa kifupi. Wenye watoto wachanga wanyonyesheni kabisa, tuanze safari.

Mnaniona nimesimama hapa, nina tumbo la mwanamke yeyote aliyeshiba wali wa nazi. Walionijua zamani ndio watakaowaambia nilivyokuwa. Nilikuwa mtu wa kuzikwa. Jembe la kunizikia lilikwisha kuletwa hadi kitandani kwangu, na sisemi kwa mafumbo, nililiona kwa macho haya. Haleluya!

Nilizaliwa kambini, katika shamba la mkonge upande wa Pongwe. Baba yangu Kashindye ni Mnyamwezi. Alikuja pwani akiwa manamba, akamaliza mkataba, akaongeza mwingine, mwishowe njia ya Tabora akaisahau. Mama alimfuata huku huku. Nilipozaliwa, kitovu changu kilikatwa kama walivyokatwa watoto wote wa kambi, kisha kikapakwa vumbi laini la ukutani lililochanganywa na majivu, ili kikauke upesi. Hakikukauka. Kilivimba, kikatoa usaha, nikashikwa na homa, mama akakaa akiningojea nife. Nikapona. Watu wakashukuru, wakasahau, na mimi nisingekitaja kitovu kanisani kama si daktari mmoja aliyeniuliza habari zake baada ya miaka mingi. Bibi aliyenipokea simlaumu hata kidogo. Alitupokea kambi nzima kwa mikono yake, na kwa upendo, na hivyo ndivyo alivyofundishwa.

Nikakua, na bandama likakua pamoja nami. Hapa ubavuni kushoto palikuwa na kitu kigumu, kikishuka mwaka hata mwaka, hata kikafika karibu na kitovu. Watoto wenzangu waliniita Mtungi. Nami nilikuwa na mdomo tangu utoto, nikawajibu mtungi hauchekwi na mwenye kiu. Lakini nani angeshtuka? Kambini kila mtoto alikuwa na bandama kwa sababu ya homa za mbu. Ilikuwa ukionekana nalo unapelekwa kwa mchanjaji, anakuchanja chale juu yake, anapaka dawa nyeusi, unarudi kucheza. Mimi nilichanjwa hata ngozi ikakosa nafasi. Chale hizo ninazo mpaka leo, na bandama halikujali.

Ndugu zangu, sasa sikilizeni. Nilikuwa msichana mkubwa, nimekwisha batizwa pamoja na mama. Siku hiyo nimekwenda kisimani, nikainua debe la maji nijitwike. Nikasikia joto linapanda kifuani, nikadhani ni kichefuchefu cha jua. Nikainama. Nikatapika damu! Si damu ya kutema mate, wapendwa. Ilikuwa damu ya machinjioni. Wanawake waliokuwa kisimani walitupa ndoo zao wakakimbia, ila mmoja tu, aliyenishika kichwa hata ikakoma. Mungu ambariki popote alipo.

Ikakoma yenyewe, nikanyong'onyea, nikapona. Nikasema basi imekwisha. Baada ya miezi ikarudi, tena kwa nguvu zaidi. Ndipo maneno yakaanza kambini. Huyu katupiwa kitu. Huyu kalishwa sumu na mwenzake kwa ajili ya mwanamume. Baba yangu, ambaye wakati huo alikuwa hajamjua Bwana, alinipeleka kwa mganga mmoja kule Udigoni. Mganga akasema nina jini wa baharini, anataka kitambaa chekundu. Tukampa kitambaa chekundu, nami nikazidi kutapika chekundu! Mama akalia, akamwambia baba, "Kashindye, sasa tumpeleke kwa wenye vyombo vya kutazama ndani."

Tulikwenda hospitali ya mjini Tanga. Daktari aliyenipokea alinibonyeza hapa ubavuni, akatikisa kichwa, akasema bandama la homa ya mbu peke yake halitapishi damu namna hii. Akasema yuko bingwa wa kupasua Mombasa, aliyejifunza huko Ulaya upasuaji mpya wa mishipa ya tumbo, na ya kuwa bingwa huyo yu karibu kupanda meli kwenda likizo kwao, na haijulikani kama atarudi. Tukafunga mizigo. Mama alinilaza mapajani mwake ndani ya basi, kutoka Tanga mpaka Horohoro, kutoka Horohoro mpaka kivukoni, na kila basi liliporuka shimo alinishika tumbo kwa mikono miwili, akiita jina la Yesu. Mimi nilikuwa nasali sala moja tu: Bwana, damu isitoke njiani.

Kule Mombasa nilinyweshwa uji mweupe kama chokaa, nikasimamishwa mbele ya mashine, nikapigwa picha. Picha ilionyesha mishipa ya damu imevimba ndani ya koo la chakula, imejipindapinda. Ndipo yule bingwa akaketi kitandani kwangu. Alikuwa Mzungu mrefu, mkimya, ana mikono mikubwa ya mkulima, na Kiswahili chake kilikuwa cha kuungaunga, hivyo dresa mmoja, mfunga vidonda wa wodi, alimtafsiria. Akauliza, "Huyu alipozaliwa, kitovu kilioza?" Mama yangu akaanguka kwenye kiti. Alikuwa hajamsimulia mtu yeyote hospitalini habari ile! Alidhani Mzungu huyu ni mtabiri.

Kumbe si utabiri, ndugu zangu, ni elimu. Alituelezea polepole. Yako mabomba ya damu yanayotoka kwenye matumbo na bandama, yanakutana katika mshipa mmoja mkubwa, na mshipa huo hupeleka damu yote katika ini. Uchafu wa kitovu changu ulikuwa umesafiri ndani kwa ndani nilipokuwa mchanga, ukaufikia mshipa ule, damu ikaganda humo, ikauziba. Ini langu lilikuwa zima. Njia ya kwendea ndiyo iliyozibwa. Basi damu ikakosa pa kupita, ikarudi nyuma, ikajaza bandama hata likavimba, ikatafuta vijishipa vyembamba vya kooni ipenye huko. Navyo havikuumbwa kwa mzigo ule. Ndivyo vilivyokuwa vikipasuka.

Baba akauliza kama hiyo damu iliyoganda itazibuliwa. Bingwa akasema hapana, imekaa miaka mingi, imekuwa sehemu ya mwili. Atafanya kama fundi wa mfereji aliyekuta bomba limeziba chini ya nyumba. Hataibomoa nyumba, atapitisha njia ya pembeni. Ataliondoa bandama, kisha mshipa uliokuwa ukitoka kwenye bandama atauunga na mshipa wa figo, ili damu ipite huko, na kule kooni kupumue. Baba yangu alikuwa amefanya kazi kwenye korona, mahali pa mashine ya kukamulia mkonge, akayajua mabomba na kuziba kwake. Akasema, "Hilo nimelielewa." Tukafurahi. Furaha yetu haikufika jioni.

Maana bingwa alisema neno jingine. Alisema, katika upasuaji huu damu itamwagika nyingi, na binti huyu hana ya kupoteza. Akasema, "Nitahitaji chupa za damu ya watu. Msiponiletea damu, sitakata."

Lo! Damu ya watu! Ndugu zangu, mnajua wenyewe. Hata humu kanisani wamo wanaovuka barabara wakiliona gari jekundu la zimamoto, kwa hofu ya mumiani. Wanasema kuna watu wanaowinda wenzao, wakawanyonya damu, ikapelekwa kutengenezwa dawa. Hadithi hiyo tumeinyonya na maziwa ya mama. Sasa uende mwenyewe, kwa miguu yako, ulale, unyoshe mkono, utiwe sindano na Mzungu, damu iingie chupani ukiiona? Nani angekubali?

Baba alikubali, na ninamheshimu kwa hilo mpaka kesho. Alikwenda na hofu yake. Damu yake ikapimwa, ikaonekana haipatani na yangu. Mama akanyosha mkono wake, wakamwambia yeye mwenyewe damu yake haitoshi, akitolewa ataanguka. Walikuwapo na Wanyamwezi wenzetu wa kambini, waliokuwa wamepanda basi kuja kunitazama, wanaume wanne wenye vifua, wakata mkonge. Waliposikia neno damu, mmoja akakumbuka ana binamu mtaa wa Majengo anayepaswa kusalimiwa. Mwingine akamsindikiza. Wa tatu tumbo likamuuma. Wa nne sijui alikopitia, labda dirishani. Penye kitanda changu tukabaki sisi watatu, na bingwa alikwisha kuweka masanduku yake tayari kwa meli.

Nawaambieni ukweli, hapo nililia. Damu yenyewe sikuililia, nilikwisha izoea. Nililia kwa kuona uzima umewekwa hapo mezani, unaonekana, na mimi nitakufa kwa kuwa watu wa nyumbani kwetu wanaogopa chupa. Nikamwambia Bwana, kama ni kwenda nichukue, lakini mama usimwache hivi.

Bwana akajibu. Lakini, wapendwa, alijibu kwa mtu ambaye mimi nisingempigia kura!

Kambini kwetu alikuwako mzee mmoja Mzigua wa Handeni, jina lake Mzee Mhando, mnyapara wa wanaoanika singa, zile nyuzi za mkonge. Wazigua na sisi Wanyamwezi ni watani tangu babu zetu walipokuwa wakipita nchini kwao na misafara ya pembe. Na mtani ni mtani. Akikutukana hukasiriki. Akibeba kitu chako humdai. Ukifiwa anakuja kuzika na kukuchekesha penye machozi. Naye akikuomba, ana haki. Nawe ukimwomba, una haki vilevile. Mzee Mhando alikuwa Mwislamu wa swala tano, mcheshi kupita kiasi, na tena, hili mliweke moyoni, ndiye aliyekuwa mkuu wa hadithi za mumiani katika kambi yetu. Watoto wote tuliogopa gari jekundu kwa sababu yake yeye.

Basi asubuhi ile tunasikia kelele kwenye baraza la wodi. Mtu analia msiba. "Uuuwi, marehemu wangu! Marehemu wangu Mnyamwezi, umeniachia nani nimlie kuku wake!" Mlango ukafunguka, akaingia Mzee Mhando amevaa kanzu, na begani ana jembe. Jembe, ndugu zangu, ndani ya wodi ya wanawake! Wagonjwa waliojiweza waliketi vitandani. Sista akamkimbilia.

"Mzee, hapa ni hospitali! Jembe litoke nje!"

"Mwanangu, nimekuja kuzika. Nimeuona mchanga wenu ni laini, kazi haitanichosha. Niambieni tu yuko wapi maiti." Akaniona. Akashika kiuno. "Ala! Wee Mtungi, bado unapumua? Nimelipa nauli ya basi bure?"

Nikacheka. Wallahi, samahani Mchungaji, nilicheka hata nikaogopa mishipa itapasuka. Mama naye alicheka, halafu kicheko kikageuka kilio. Lakini baba hakucheka. Mzee Mhando akajua hapo pana jambo. Akaliegemeza jembe ukutani, akauliza polepole. Mama akamweleza yote, ya mshipa uliozibwa, ya bingwa na meli yake, ya damu, na ya wanaume waliokimbia.

Mzee Mhando akatazama huku na huku, akanong'ona, "Wamefanya vyema kukimbia, mtani. Nami nawashauri mwondoke na mtoto wenu kabla jua halijatua. Haya ndiyo niliyokuwa nikiwaambieni siku zote."

Mama yangu ni mfupi, ananifika begani. Aliinuka, akamkamata Mzee Mhando kanzu hapa kifuani kwa mikono miwili.

"Mtani, kwenye matanga ya mama mkwe wangu ulibeba sufuria likiwa motoni, na wali ndani yake. Nilisema kitu?"

"Hukusema, mtani."

"Ukaja ukachukua kitanda cha kamba, Kashindye amekilalia, ukamwangusha chini. Alikasirika?"

"Hakukasirika. Alicheka."

"Basi leo ni zamu yetu. Hatutaki jembe lako, wala kanzu yako. Tunataka damu yako, atiwe huyu mtoto. Nimekuomba kwa utani."

Mzee Mhando akajaribu kujinasua. "Mama Raheli, utani una mpaka wake."

Mama akamjibu, "Mpaka uko Horohoro, na umeshauvuka!"

Mzee Mhando akautazama mlango. Jasho lilimtoka. Alikuwa anaogopa kweli, ndugu zangu, si mchezo. Kwake yeye lile lilikuwa kama kuambiwa aingie shimoni mwa nyoka. Nikamwonea huruma, nikamwambia, "Mzee, kama huwezi, acha tu. Umekuja, inatosha." Akajifuta uso kwa mkono wa kanzu. Kisha akasema, "Mtani hamwambii mtani huwezi. Nikikuacha ufe, mambo haya Wanyamwezi watanisimulia mpaka siku ya kiyama." Akavua kofia yake, akampa mama. Akaenda.

Alipofika mlango wa chumba cha damu alisoma shahada kwa sauti, kama mtu anayekata roho. Halafu akatoa wosia, tukausikia wote. "Jembe langu apewe Kashindye, azike mwenyewe! Baiskeli yangu asiiguse shemeji yangu, nimesema hata nikiwa maiti!" Mlango ukafungwa. Mama akapiga magoti palepale penye saruji, nami nikageuza uso ukutani nikamwombea Mwislamu yule kwa Yesu, kwa kuwa sikujua namna nyingine ya kuomba.

Damu yake ikapatana na yangu! Haleluya! Akatoka mzima, ana pamba mkononi, mbele yake kikombe cha chai ya maziwa na biskuti. Akanywa. Akajitazama mkono, akautikisa. Akamwita sista. "Mwanangu, hii ndiyo mumiani yenyewe? Unalazwa kitanda chenye shuka, kisha unapewa chai?" Akaomba chai nyingine.

Lakini damu ya mtu mmoja haikutosha. Mzee Mhando akavaa kofia, akachukua jembe lake, akashuka Majengo. Aliwakuta wanaume wetu wamejificha kwa yule binamu, wanakula mihogo. Maneno aliyowaambia aliyarudia mwenyewe baadaye kambini kila alipopata wasikilizaji, ndiyo maana nayajua. Aliwaambia, "Sikilizeni, wakata mkonge. Damu ya Kizigua inaingia leo kwa binti yenu. Kama ni yangu peke yake, akiamka ataamka Mzigua. Atasema Kizigua, atakuja kunyang'anya kuku zenu kama mimi, na nyinyi hamtakuwa na la kumfanya, maana mtakuwa mmekwisha nipa mtoto bure. Mnataka niwaambie watu wa Tabora hivyo?"

Ndugu zangu, ile hofu ya mumiani haikuondoka kwa mahubiri wala kwa elimu ya daktari. Iliondoka kwa wivu wa Wanyamwezi! Waliinuka wote. Tuliwaona wakiingia uwanjani mwa hospitali wamefuatana, na Mzee Mhando nyuma yao na jembe begani, kama mtu anayechunga mbuzi. Damu zao zikapimwa, zilizopatana zikachukuliwa. Yule aliyeumwa na tumbo ndiye aliyetoa kwanza, kisha akajisifu kuwa chupa yake ilijaa upesi kuliko za wengine.

Nikaingizwa chumba cha kupasulia. Wakanifunika uso kwa kitambaa chenye harufu kali, nikamwita Bwana mara moja tu, nikapotea. Nilipoamka nilikuwa na kiu kubwa, na maumivu ya kunikata vipande viwili. Nikapeleka mkono ubavuni kwangu kushoto, mahali palipokuwa na jiwe tangu utoto. Hapakuwa na kitu! Palikuwa na bandeji, na chini yake tumbo laini. Nililia kwa furaha hata sista akanikemea nitafumua nyuzi.

Lakini hatukuwa tumevuka bado. Bingwa alisema kazi imekwenda vizuri, damu inapita njia mpya, ila hofu yake moja ni njia ile nayo isije ikaganda. Homa ikanishika. Nilikuwa nikilala nikishtuka, nikingojea lile joto la kifuani lipande kama zamani. Kila asubuhi bingwa alikuja, akanitazama macho na ulimi, akaandika kwenye karatasi yake, akaondoka. Halafu homa ikashuka, nikaomba uji, nikala, nikaomba tena. Siku hiyo alicheka, na hatukuwa tumewahi kuyaona meno yake. Alipanda meli yake akiwa ameniacha nimekaa barazani.

Na Mzee Mhando? Alikataa kuondoka. Alisema hajapata kwenda msibani akarudi na jembe safi, ni aibu kwa Wazigua. Alimsumbua dresa hata akaruhusiwa kulizika bandama langu nyuma ya hospitali, mahali wanapofukia vitu vya namna hiyo. Alichimba, akazika, akasimama akatoa hotuba ya marehemu. Alisema marehemu alikuwa mlafi, alikula damu ya binti wa watu tangu utoto, hakuacha mjane wala mali, na sisi hatutamkumbuka. Wagonjwa walitoka barazani kusikiliza. Baba yangu alicheka hata akakaa chini. Ni baada ya siku hizo ndipo baba alipoanza kuja kanisani na mama.

Tangu pale, wapendwa, sijatapika damu tena. Asifiwe Bwana! Niliolewa na Yonathani, nikamzaa binti ambaye mnamwona pale anamvuta mzee wa kanisa koti. Alipozaliwa sikuruhusu vumbi wala majivu yafike kwenye kitovu chake. Wembe mpya uliochemshwa, uzi uliochemshwa, kitambaa safi, basi. Kina mama, nawasihi kwa machungu yangu, fanyeni hivyo. Tena mkimwona mtoto ana bandama lisilopungua, au ametapika damu hata kidogo, msimpeleke kuchanjwa. Mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo.

Wako wanaoniuliza kwa siri, tena wengine wao wamekaa humu, je, Mkristo aweza kutembea na damu ya Mwislamu ndani yake? Nimekwisha tembea nayo miaka kadhaa, sijaona imenizuia kuimba. Bwana wangu aliponiokoa alimtumia Mzungu mkimya, na mzee wa swala tano, na waoga wanne wa kwetu. Mimi ni nani nimchagulie watumishi? Namshukuru kwa wote. Namshukuru kwa mama yangu na mikono yake miwili kwenye ile kanzu. Namshukuru hata nikikosa maneno, na mnanijua maneno huwa hayanipungui.

Sasa namaliza, Mchungaji, usitazame saa. Kwa desturi, mtu akishuhudia huwaita wenzake waje mbele kumpokea Bwana. Mimi leo naomba ruhusa niwaite upande mwingine. Kwenye benchi la mwisho ameketi mama mmoja kutoka Usagara, wengi hamumjui. Mwanawe yuko wodini hapa hapa mjini, anangojea kupasuliwa, na hospitali imeomba damu. Wajomba zake wamekimbia. Jana nilikwenda mimi mwenyewe nikanyosha mkono, daktari akalitazama kovu langu, akanikatalia, akaniambia nilete wengine. Nimekuja kuwaleta.

Baada ya baraka nitasimama mlangoni. Anayeogopa, aje na hofu yake, kwenye chumba kile kuna nafasi ya waoga, nimewaona wakitoka wazima. Bwana hamwachi anayemtumainia, lakini mtoto yule hawezi kutiwa mishipani maneno yetu. Simama, dada yangu, usione haya, wakuone uso. Nanyi, ndugu zangu, msiniitikie Amina. Njooni mlangoni.